Jana usiku nimepewa kombe, nimetukanwa humo humo

Wakuu, hata salamu sina.

Lile gemu la kompyuta la mbio za malori la 2003, mnalijua, silitaji nisilipe kiki. Miaka yote humu mnaimba "lejendari, licheze kabla hujafa". Jana nikachoma bando. Nikafunga mlango, nikamwambia mke wangu asinisemeshe, nina mbio.

Nikaondoka. Kugeuka, mpinzani wangu yuko pale pale kwenye mstari. Nikarudi kumwangalia. YUPO. Kama lori lililokufa mlima Kitonga, limekosa matawi ya miti nyuma tu.

Daraja nikazama ndani yake. Nyumba nikazipenya. Mlima nikaupanda wima. Rivasi ndiyo usiseme: ukishikilia, mwendo unaongezeka bila mwisho, ukiachia, lori linasimama papo hapo kana kwamba limekumbuka limeacha simu nyumbani. Kasha linajinadi eti unakimbia polisi na magendo. Polisi gani? Hata trafiki wa kuniuliza leseni sikumwona.

Hayo nasamehe. Lakini YULE MTU HAKUONDOKA! Nikafika peke yangu, likaniletea kombe la mikono mitatu, limeandikwa YOU'RE WINNER. Kiingereza chenyewe kimeachwa stendi. Mshindi wa nani, wakati HAKUONDOKA?

Bingwa wa Draft: Umeshinda halafu unalia. Pole mshindi.

Tandiboi Mstaafu: Walitoa kiraka cha kurekebisha gemu, mpinzani akaanza kuondoka, ila anasimama kabla ya mstari wa mwisho. Ana adabu kuliko shemeji zangu wote.

Kidole Gumba: GameSpot, wale wahakiki wa magemu, walilipa 1 kati ya 10. Ndiyo raha yake, wewe hujui vitu.

Babu Atari: Watoto nyie. Sisi 1982 tuliuziwa lile gemu la Atari la E.T., kiumbe wa angani, limeundwa kwa wiki 5 kuwahi Krismasi. Unatumbukia shimoni, unapanda, unatumbukia tena. 1983 Atari wakafukia makasha yake jangwani New Mexico, Marekani, 2014 watu wakaenda kuyafukua!

Bingwa wa Draft: Babu, bora shimo. Huyu kashindana na parking.

Mleta uzi: Turudi kwenye mada. HAKUONDOKA.

Mama Chapati: Kombe la mikono mitatu? La ligi ya mtaani kwetu halina hata mmoja. Na mwenyekiti kala hela ya jezi.

Kidole Gumba: Jezi tena? Fundi wangu ana suruali yangu tangu Pasaka, kila siku "njoo kesho".

Tandiboi Mstaafu: Yule wa karibu na kijiwe cha bodaboda?

Kidole Gumba: Huyo huyo!

Babu Atari: Ana koti langu la harusi.