Naomba ushauri: anodi juu ya mawe ya volkano, Goma

Bandugu na badada, jambo yenu wote. Hapa Goma tuko na tanki ya mazuti ya chuma, imezikwa ndani ya parseli juu ya mawe ya volkano ya 2002. Tulitia anodi 2 za magnesiamu, ni vipande vya metali vyenye vinaliwa na kutu pa nafasi ya tanki (shimo tu siku 4 na baramini, mikono ikatoka malengelenge!) lakini nikipima volti ya tanki na elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba (kipimo cha kulinganishia, inawekwa ku udongo) inasoma -0,62 volti, na inatakiwa ifike -0,85 juu tanki ikingwe na kutu. Tulimwanga maji ikapanda kidogo, asubui ikarudi palepale. Sasa nizungushie anodi bentoniti (udongo wenye kushika maji) na jipsi ao niongeze zingine? Na tiyo ya tanki inagusana na vyuma vya beto ya nyumba, ni yenyewe njo inakula umeme yote?