Naomba ushauri: semina ya hisabati ya fedha mbele ya wanafizikia
Habari za kazi, wanajamvi. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, na baada ya wiki mbili nitawasilisha semina kuhusu mlinganyo wa Black na Scholes wa mwaka 1973 (wa kukokotoa bei ya chaguo, yaani haki ya kununua au kuuza hisa baadaye kwa bei iliyopangwa leo), ambao ukibadilisha vigeu vyake unageuka kuwa mlinganyo uleule wa usambaaji wa joto. Wasikilizaji ni wanafizikia, wanahisabati na maofisa wachache wa benki. Mara iliyopita nilijaza ubao mzima kwa uthibitisho, na kufikia dakika ya 20 watu wa benki walikuwa wanachungulia simu. Je, nianze na tasnifu ya mwanahisabati Mfaransa Bachelier ya mwaka 1900 kuhusu kupanda na kushuka kwa bei sokoni, iliyoitangulia makala ya Einstein kuhusu mwendo wa Brown (mtikisiko wa nasibu wa chembe ndogo ndani ya kimiminika) kwa miaka 5? Na uthibitisho niupunguze kiasi gani, wanahisabati wasinione mbabaishaji?