Najifunza mazingaombwe ya sarafu kwa video, mbona kila mtu anajua ilipo?

Mjomba_wa_Moro
Wakuu habari za jioni. Nina miezi minne najifunza kuficha sarafu kwa video za YouTube, nilianza na ile Frenchi dropu, yaani unajifanya kuichukua sarafu kwa mkono wa pili kumbe imebaki kwenye ule wa kwanza, halafu nikaingia klasiki pamu, yaani unaibana sarafu katikati ya kiganja kwa nyama ya gumba na nyama ya upande wa kidole kidogo huku vidole vyote viko huru. Kubana naweza, nazunguka nayo sokoni haidondoki. Shida nikimfanyia mtu anajua tu. Jumapili nimemfanyia mtoto wa dada yangu ana miaka saba, nikajifanya nimeiweka mkono wa kushoto kumbe imebaki kulia, akanyoosha kidole moja kwa moja, "Mjomba iko huku". Namuuliza umejuaje, ananiambia huo mkono umekuwa kama wa sanamu. Natumia ya 200. Video nimeirudia mpaka basi na nafanya vilevile kama yule jamaa, nakosea wapi? Hii kitu naipenda kweli sitaki kuiacha.

fundi_vidole
Mkuu huyo mtoto kakupa jibu lote, mshukuru. Kwanza sarafu yenyewe, wengi kwenye hizo video ni Wamarekani wanatumia nusu dola, ina upana wa milimita 30.6 na pembeni ina meno yanayong'ang'ania ngozi. Ya 200 ni ndogo kwa kiganja cha mtu mzima kwa hiyo unaibana kwa nguvu na mkono unakakamaa. Tafuta 500 ya sarafu, bado ni ndogo kuliko nusu dola ila inakaa, na kiganja kikiwa kikavu paka mafuta kidogo sana ufute.

Pili, na hapa ndo penyewe, acha kuficha wiki nzima. Iweke sarafu KWELI mkono wa kushoto, mara hamsini kila siku, ujiangalie. Utaona mkono wa kulia ukishatoa sarafu huna habari nao tena, unashuka wenyewe unalala kwenye paja, na macho yako yameifuata sarafu ilikokwenda. Sasa ukificha wewe unafanya kinyume, macho yanabaki kulia yanalinda mali na ule wa kushoto umeufunga kama ngumi wakati mtu aliyeshika sarafu hafungi ngumi, anaacha kanafasi. Hiyo ya uongo uiige ya kweli YAKO, sio ya jamaa wa kwenye video, mikono yake sio yako.

Pwani254
Niongeze hapo kwa ndugu yangu fundi. Usitegemee kioo peke yake, mimi nilifanya kioo mwaka mzima kumbe kila nikifika pale pa kuficha napepesa macho, sijioni nikikosea. Simu ndio iliyonionyesha. Iweke pale mtu angekaa, kimo cha macho yake, jirekodi halafu iangalie polepole. Huku kwetu Kenya mimi hutumia ile ya 20 yenye ndovu, ina rangi mbili kwa hiyo hata mtu akiwa mbali kidogo aiona vizuri kabla haijapotea.

Telegrafu
Na usikate tamaa kisa huna mwalimu mkuu. T. Nelson Downs alikuwa mpiga telegrafu wa reli kule Iowa, Marekani, alijifunza sarafu mwenyewe kazini, na 1899 alikuwa jukwaani Palace Theatre London anavuta sarafu hewani. Video ni msaada mkubwa ila angalia kama yule jamaa anakutazama wewe, maana hapo kulia kwake ni kushoto kwako, wengi wanajifunza mkono usio wao wanakuja kugundua baadaye.

Mjomba_wa_Moro
Wakuu nimerudi, ni wiki ya tatu sasa. Nilifanya ile ya kuweka kweli, siku nne za kwanza nikaona kama napoteza muda ila ya tano nikagundua mimi nikiweka sarafu kweli huwa nainamisha kichwa kidogo kushoto, na nikificha sikuwa nainamisha kabisa. Leo nimemfanyia mwenye duka wakati nanunua mkate, nimejifanya namwekea 500 mkononi, amefunga mkono mwenyewe, akafungua, akainama kuangalia chini ya kaunta. Kulia hakukuangalia hata mara moja! Nimempa hela yake nikaondoka mikono inatetemeka kwa furaha. Ila kwenye rekodi kidole changu cha mwisho bado kinajikunja, fundi hicho nakilegezaje?