Kimbunga Hidaya kaja Mei, Chido kaja Desemba: dau nilipandishe lini?

Amari_Kilwa: Wakuu, salaam. Nina dau la mizigo, Kilwa na Mafia. Marehemu baba alilipandisha pwani Machi, akalikalafati (akaziba nyufa za mbao), akalishusha Mei upepo wa kusi ukianza. Alisema Mei vimbunga vimekwisha. Mei 2024 nimelishusha siku chache tu, kimbunga Hidaya hiki hapa. Amari (kamba ya nanga) ikakatika, mkuku (uti wa chini wa chombo) ukavunjika mwambani. Nimelitengeneza kwa deni. Kwa joto hili la dunia, msimu umerefuka? Nikisubiri Juni kila mwaka, ada za watoto sijui nitazitoa wapi.

Tufani: Pole sana mkuu. Nilisomea hali ya hewa. Msimu wetu ni Novemba hadi Aprili, lakini huo ni wastani tu. Maji yakifika nyuzi 26 au 27, na upepo wa juu usipopishana sana na wa chini, kimbunga kinajengeka hata Mei. Mwaka ule El Nino, lile joto la bahari ya Pasifiki, ilikuwa inaisha na bahari ilikuwa na joto kali. Hidaya peke yake haitoshi kusema Mei imekuwa msimu. Utafiti wa 2023 uliopitia kumbukumbu za setilaiti tangu miaka ya 1980 ulikuta vimbunga vikali vinawahi kuja, kwa upande wetu wa kusini mwa ikweta takriban siku 3 kila miaka 10. Vinawahi, mkuu! Chido ilipiga kisiwa cha Mayotte 14 Desemba 2024, kesho yake ikawa Msumbiji. Mimi Desemba ndiyo inayoninyima usingizi.

Amari_Kilwa: Desemba ndiyo nabeba mizigo ya sikukuu. Nifanyeje?

Bi_Mwani: Mwanangu, usikae nchi kavu mwezi mzima. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuja, huku Mtwara tuliambiwa tuhame mabondeni, kikaishia kutua Cabo Delgado, Msumbiji. Waliookoa vyombo ni walioviingiza mapema kwenye hori (mkono wa bahari) la mikoko. Tafuta hori lako sasa, bahari ikiwa shwari, upime kina maji yakijaa na yakitoka.

Tufani: Bi yuko sahihi, ila lisiwe mlango wa mto mkubwa. Hewa ikiongezeka joto nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mvua za vimbunga zinazidi na mto utakushushia magogo. Shusha Mei kama kawaida, lakini kuanzia Novemba hadi mwisho wa Mei usitweke tanga kabla ya kusikia taarifa ya bahari ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), kila siku. Na amari iwe mpya.

Amari_Kilwa: Amari nanunua wiki hii. Kuna hori moja kusini ya Kilwa Kisiwani, keshokutwa bamvua (maji makuu), naenda kupima.