Mama kachoka na kemo, nimpumzishe Pemba?

Mwana wa Kati: Assalaam alaykum. Mama yangu ana kansa ya titi, anatiwa kemo, zile dripu za dawa ya kansa, hapa Unguja. Tangu dripu ya pili hali kitu. Vidonda vimemtoka mdomoni, hata maji anasema yana ladha ya chuma. Siku ile ile mkojo ulitoka mwekundu, roho ikaniruka. Nywele zinabaki kwenye mto, anaziokota moja moja anazifunga kwenye kitambaa. Nataka nimpeleke Pemba apumzike, dripu ya tatu tutaona mbele. Mnaonaje?

Mkarafuu: Waalaykum salaam, pole dada. Mke wangu alitibiwa Ocean Road, Dar. Harufu ya chakula cha moto ilimtapisha, nikawa nampa uji ukishapoa. Asukutue kwa maji ya chumvi, na vya ukwaju mwepushe navyo, vitamchoma. Sisi nauli za boti ndizo zilizotumaliza. Niliuza vespa yangu, na mpaka leo nikiiona ya mwenzangu Darajani moyo unanidunda.

Ummu Fat-hiya: Maradhi ni kafara, dada. Mzidishieni dua na sadaka. Siku hizi tunakimbilia sindano tukasahau msahafu.

Nahodha: Dua hakuna anayeikataa. Lakini daktari kasemaje? Na mama mwenyewe anataka nini?

Mwana wa Kati: Daktari hatujamwambia.

Nahodha: Na mama?

Mwana wa Kati: Mama hajui kama ni kansa. Tumemwambia ni dawa ya kuongeza damu. Bibi alikufa kwa maradhi haya haya, akisikia atakata tamaa. Kaka keshakata tiketi, Jumamosi tunashuka Mkoani. Kule Konde yuko mzee ana dawa za miti. Msinihukumu, si nyinyi mnaolala naye chumba kimoja.

Ukweli Mtupu: Hadithi hii ya kutunga. Kemo na mkojo mwekundu wapi na wapi? Na mtu mzima nywele zimtoke, aamini anaongezwa damu? Subirini, kesho itawekwa namba ya michango.

Nahodha: Mh. Hata mie nimeanza kuingiwa na shaka.

Nesi wa Mjini: Mie kazi yangu ndiyo hiyo. Ipo dawa nyekundu kama sharubati ya rozela, doksorubisini. Mkojo hubadilika rangi siku moja au mbili, si damu. Nywele huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hurudi matibabu yakisha. Kwa hiyo mwacheni. Dada, dripu ya mwisho lini? Ana homa?

Mwana wa Kati: Wiki iliyopita. Jioni anatetemeka, leo kipimajoto kimesoma 38.4. Nikimpa panadoli inashuka. Na michango ya mtu sitaki.

Nesi wa Mjini: Hilo ndilo la kuanza nalo! Siku hizi ndipo chembe nyeupe za damu zinaposhuka kabisa, mwili hauna kinga. Joto la 38 kwenda juu kwa aliye kwenye kemo ni dharura. Panadoli inaficha tu. Nendeni hospitali usiku huu, na mkifika mlangoni semeni yuko kwenye kemo, atazamwe damu na atiwe antibayotiki za mshipa. Dawa za miti usimchanganyie, nyingine zinaumiza ini. Dripu ya tatu daktari anaweza kuisogeza au kupunguza dozi, na dawa za kuzuia kutapika zipo. Mwambieni anavyoteseka.

Mwana wa Kati: Huko wataitaja kansa mbele yake. Kaka anasema tungoje asubuhi.

Mkarafuu: Mie nilimficha mke wangu. Kumbe alikuwa anajua, akinificha mie ili nisilie. Mama yako kamuuguza bibi yako mpaka kumzika, dada. Muulize. Niko Mwanakwerekwe, gari ninayo. Uko wapi?

Ukweli Mtupu: Kama ni kweli, basi nisamehe. Usingoje asubuhi.

Mwana wa Kati: Amani, nyuma ya uwanja. Tiketi sijasema nazirudisha, na kaka bado anabisha. Lakini namvisha baibui sasa hivi. Njoo.