Kikundi cha Ukoo: Kikao cha Kesho ICU

Baba Mkubwa: Wanangu, daktari wa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, amenipigia. Kesho saa nne anataka kukaa na sisi kuhusu Mama. Tusizidi watano.

Shangazi: Wameshamchoka hao. Wanataka kumtoa kwenye mashine ya kupumulia.

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Shangazi, kuitwa si hukumu. Mimi muuguzi, huku wodini kwetu naogopa zaidi familia ambayo haijaitwa kabisa.

Juma: Ila kikao kitasaidia nini kama hali ndiyo hii?

Zuhura: Mgonjwa huenda kisimponye. Kinawasaidia mnaobaki. Ufaransa walilipima hilo kwenye ICU 22, matokeo yakatoka 2007. Familia za wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa ziligawanywa: wengine wakapewa kikao kilichoandaliwa vizuri na kijitabu kuhusu kufiwa, wengine wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Siku ya 90 wakapigiwa simu. Waliopata kikao kile walikuwa na dalili chache za wasiwasi, sonona na kiwewe.

Juma: Kumbe daktari akieleza vizuri tu inatosha?

Zuhura: Hapana, na hapo ndipo ninapopapenda. Kikao kilichukua kama dakika 30 badala ya 20, lakini familia ziliongea dakika 14, wakati wenzao waliongea 5 tu. Daktari alinyamaza, akasikiliza.

Baba Mkubwa: Vizuri. Basi nitaongea kwa niaba ya familia.

Baba Mdogo: Kaka, wewe ukianza hizo dakika 14 zote ni zako 😄

Shangazi: Nyie mnacheka. Mimi nikiulizwa "tufanyeje" nijibu nini? Nikisema waache, kesho kutwa ukoo mzima utasema nilimuua mama yangu.

Zuhura: Swali hilo ukiulizwa hivyo, Shangazi, likatae. Uamuzi wa tiba usiachwe kwenye mabega yako peke yako, wao ndio wanaojua dawa inafika wapi. Wewe waeleze Bibi ni mtu wa namna gani na angesema nini kama angeweza kusema.

Baba Mdogo: Hilo tunalijua. Tulipokuwa tunamuuguza Baba, Mama alisema wazi, "mimi msije mkanifunga mawaya."

Shangazi: Alisema. Nilikuwepo.

Juma: Lakini akitolewa mashine si atakosa pumzi? Mimi hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Zuhura: Muulizeni hilohilo, msione haya. Dawa kama mofini na za kumtuliza zinapaswa kuwa tayari kabla mashine haijapunguzwa, na akionekana kuhangaika waongeze. Mnaweza kusikia sauti ya kukoroma, ni mate yaliyokaa kooni. Inatutesa sisi tunaosikiliza, yeye kwa kawaida anakuwa hana fahamu tena. Na daktari asiwaahidi saa atakayoondoka. Wengine ni dakika, wengine siku.

Baba Mkubwa: Kwa hiyo wakiacha mashine wanaacha na kumhudumia?

Zuhura: Hata kidogo. Kumgeuza, kumlainisha midomo, kumwondolea maumivu, vyote vinaendelea. Waombeni na saa za kumwona zilegezwe, ikiwezekana mkae naye wote.

Juma: Nimesoma kuwa Marekani familia za waliofia ICU ziliridhika kuliko za waliopona. Ajabu.

Zuhura: Ni kweli, utafiti huo nao ni wa 2007. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye kushirikishwa na kuheshimiwa. Nadhani mtu akielekea kufa ndipo sisi wauguzi tunakumbuka kuwa ana ndugu. Wa aliyepona wanaachwa korido. Ila familia kuridhika ni jambo moja, mgonjwa kufa bila maumivu ni jingine. Msiache kuuliza hilo la pili kwa sababu tu daktari ni mpole.

Shangazi: Basi nitakuja. La maumivu nitauliza mimi.

Baba Mkubwa: Saa nne kasorobo mlangoni. Dada ataanza, mimi nitamalizia.

Baba Mdogo: Juma, chukua daftari. Yatakayosemwa yaandikwe, tusije tukabishana nyumbani.

Juma: Sawa, Baba Mdogo.