Ninunue msumeno wa mnyororo kwanza, au nianze na mafunzo na vifaa vya kujikinga?

Kijana_wa_Kibosho:

Wanajukwaa, nawasalimu. Huu ni mwaka wangu wa sita katika kazi ya bustani hapa Moshi. Nilianza kwa kufyeka ukoka kwa kwanja na kunyoosha michongoma kwa mkasi, kisha taratibu wenye nyumba wakaanza kuniomba nipunguze matawi, kwa kuwa mitaa ya Shanty Town ina mijakaranda na migrevilea ya siku nyingi ambayo imeinamia mapaa ya watu. Mpaka leo ninapanda na kamba ya katani kiunoni, panga nimelichomeka kwenye mkanda, na msaidizi mmoja anasimama chini kuvuta matawi.

Mwezi uliopita tawi la mgrevilea lilikatika kabla sijalimaliza, likajizungusha na kunipiga begani. Sikuanguka, lakini kamba ilikuwa imeliwa na gome hadi nyuzi kadhaa zimeachia, nami sikuwa nimeona. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama kazi hii naifahamu kweli au nimekuwa na bahati tu.

Akiba yangu ni shilingi milioni moja na laki mbili. Kuna mtu anauza msumeno wa mnyororo, Stihl MS 381 iliyotumika, kwa shilingi laki tisa, na nimeiwasha mwenyewe ikawaka kwa mvuto wa pili. Naomba ushauri wenu: ninunue mashine hiyo nijifunze polepole nikiwa kazini, au fedha hizo niziweke kwanza kwenye mafunzo na vifaa? Tena, kwa mtu aliyeishia kidato cha nne, mafunzo ya aina hii yanapatikana wapi? Jambo la mwisho ni mteja mmoja anayetaka mjakaranda wake ukatwe kichwa chote ili usipandie paa tena, na moyo wangu unasita.

Fundi_wa_Mafinga:

Kijana, pole sana kwa bega, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kutoa fedha. Nimeangusha misindano na mikaratusi katika shamba la miti la Sao Hill kwa miaka 17, kwa hiyo nitasema kwa upande wa mashine tu, mambo ya mijakaranda nitawaachia wanaoijua.

Mashine unayoitaka ni nzuri, lakini ni ya kazi ya chini. Injini yake ina ujazo wa sentimita za ujazo 72, na uzito wake unazidi kilo 6 kabla hujatia mafuta wala kufunga ule upanga wa chuma unaobeba mnyororo. Mtu aliyening'inia kwenye kamba hawezi kuishika kwa mikono miwili na bado akajituliza mtini, na msumeno wa mnyororo unaoshikwa kwa mkono mmoja sina hamu hata ya kuutazama. Hatari kubwa iko kwenye ncha ya upanga, sehemu yake ya juu. Sehemu hiyo ikigusa tawi jingine ambalo hukuliona, mashine yote inarushwa juu na nyuma, kuelekea usoni au shingoni, kabla akili haijapata nafasi ya kuamuru mikono. Mnyororo huo unakwenda kasi ya zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Ndiyo sababu kuna breki ile ya mbele ya mkono wa kushoto, na ndiyo sababu kidole gumba cha mkono huo lazima kizunguke mpini kwa chini, kisikae juu pamoja na vidole vingine. Nimeona mafundi wa miaka mingi wakishika vibaya kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuwakemea.

Kuhusu mafunzo, hapohapo mjini kwako kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, na kituo chake huku Mafinga hutoa kozi fupi za vitendo kwa watu wa kazi kama wewe. Arusha kuna Chuo cha Misitu cha Olmotonyi, ambacho kipo tangu mwaka 1937. Nenda ofisini kwao uulize kozi fupi, usikatishwe tamaa na matangazo ya stashahada.

Kama fedha ni zangu, ningeanza na kofia ngumu yenye wavu wa uso na vizibo vya masikio, buti zenye chuma mbele, na suruali ya msumeno. Suruali hiyo haizuii mnyororo kwa ugumu wake. Ndani yake kuna tabaka za nyuzi ndefu ambazo mnyororo ukizigusa huzivuta nje, zikajisokota kwenye gurudumu linaloendesha mnyororo na kuisimamisha mashine. Hapo Moshi mna soko la mitumba la Memorial, na suruali hizi hupatikana humo mara chache, kwa kuwa muuzaji huzichukulia kama suruali nzito za kazi tu. Tafuta alama ya kitambaa yenye picha ndogo ya msumeno wa mnyororo.

Bi_Mwashoki_wa_Tegeta:

Ndugu yangu, mimi natunza bustani za watu Dar es Salaam na nina vijana wanne. Nakubaliana na Fundi, ila naongeza kwamba kwa kazi uliyoieleza, msumeno wa mkono wa kupogolea, ule uliopinda wenye meno yanayokata wakati wa kuvuta, utakupa kipato kwa muda mrefu kabla hujahitaji injini. Panga liache nyumbani. Panga linapasua, halikati, na kila pigo unalolikosa linakutafuta mguu.

Tawi lililokupiga nadhani najua lilivyokatika. Ulianza kukata kwa juu, ukafika katikati, uzito ukalivuta chini na likachanika. Tawi zito hukatwa mara tatu. Sogea mbali na shina kadiri ya urefu wa mkono hadi kiwiko, kata kwa chini mpaka theluthi ya unene. Kisha sogea mbele kidogo ya hapo, kata kwa juu, na tawi litaanguka bila kuburura gome. Kinachobaki ni kisiki chepesi ambacho unakikata kwa utulivu. Niliwahi kumwachia kijana mmoja mwembe wa mteja huko Kunduchi bila kumsimamia, na gome lilichunika kutoka kwenye tawi hadi karibu na ardhi, kama mbuzi anayevuliwa ngozi. Nililipa fidia, na mwembe ule mpaka leo una kovu ninaloliona kila nikipita.

Mkato wa mwisho ndio unaomtofautisha fundi na mkata kuni. Tazama pale tawi linapotokea kwenye shina, utaona uvimbe kama pete, na gome lake limekunjamana kidogo. Uvimbe huo ni sehemu ya shina, usiuguse. Kata nje yake tu, bila kuacha kisiki kirefu na bila kulisawazisha shina liwe laini kama ukuta. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti akaonyesha kwamba mti hauponi kama ngozi yetu, bali hujenga kuta za ndani zinazolizingira jeraha, na uvimbe ule ndipo penye kinga hiyo. Kazi yake hiyo pia ndiyo iliyotufanya tuache kupaka rangi au lami kwenye majeraha. Wateja wengine bado wanaidai rangi, kwa hiyo nawaeleza kwa upole, na anayeshikilia namwambia anunue mwenyewe.

Sasa huo mjakaranda. Ukiukata kichwa, utatoa machipukizi mengi marefu yaliyoshikwa na gome la juu tu, na baada ya misimu michache yatakuwa mazito na kuanza kung'oka yenyewe juu ya paa lilelile. Mweleze mteja kwamba utapunguza matawi yanayoelekea nyumbani, kila moja likirudishwa hadi kwenye tawi dogo lenye unene wa angalau theluthi ya lile unaloliondoa, na kwamba hutatoa zaidi ya robo ya majani kwa mwaka mmoja. Mimi huchukua picha, nikachora mistari ya mikato juu yake kwenye simu, na mteja akiiona huwa anatulia.

Mzee_wa_Londiani:

Salamu kutoka Kenya, upande wa Kericho. Huku kwetu mashine hiyo tunaiita pawa, na vijana wengi huinunua kabla ya kununua hata tupa ya kuinolea. Kijana, siku utakapoinunua, na naamini utainunua, kumbuka kwamba mnyororo butu unachosha mikono na kukufanya usukume, na anayesukuma ndiye anayeteleza.

Tazama kinachotoka. Vipande virefu ni dalili ya ukali, na unga kama wa mahindi ni dalili ya kusimama na kunoa. Mnyororo wa inchi 3/8, ambao ndio wa kawaida kwa mashine ya ukubwa huo, unanolewa kwa tupa ya mviringo ya milimita 5.2. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30, na hesabu: jino la kwanza likipata misukumo mitatu, yote yapate mitatu. Msumeno ukianza kupinda kuelekea upande mmoja, meno ya upande huo ni marefu kuliko mengine. Mzee aliyenifundisha alikuwa akinifunga kitambaa machoni nikaguse meno kwa kidole, mashine imezimwa, nimwambie lipi limechakaa. Wakati huo niliona ananitesa.

Mafuta ya petroli yachanganywe na oili ya injini za mipigo miwili, mililita 20 kwa kila lita moja, yaani mililita 100 kwa dumu la lita tano, endapo oili ni ile inayopendekezwa na mtengenezaji. Usikadirie kwa kifuniko cha chupa ya soda. Nayo oili ya mnyororo isiwe ile chafu iliyomwagwa gereji, maana ina vipande vya chuma vinavyokula pampu, na inakurukia usoni siku nzima.

Na tafadhali, mti wowote uliogusana na waya wa umeme au ulio karibu nao, usiupande. Tawi bichi linapitisha umeme. Waite watu wa shirika la umeme wazime laini kwanza, hata kama mteja ana haraka.

Kijana_wa_Kibosho:

Wazee wangu, na wewe Bi Mwashoki, nawashukuru. Nimemjibu yule muuzaji kwamba mashine nitaisubiri. Kwa mteja wa mjakaranda nilikwenda na picha yenye mistari kama nilivyoelekezwa, akaikubali, isipokuwa tawi la upande wa barabarani lililo karibu na waya, ambalo tumekubaliana atoe taarifa kwa TANESCO. Keshokutwa nitapita chuoni kuuliza kozi fupi.

Leo Memorial nimepata suruali yenye picha ya msumeno, shilingi elfu 35. Tatizo ni kwamba paja la kushoto lina mkato wa urefu wa kidole, na ndani naona nyuzi nyeupe zimetoka kama pamba. Muuzaji anasema fundi cherehani ataishona vizuri. Je, nichukue?

Fundi_wa_Mafinga:

Usichukue, kijana. Zile nyuzi zilizotoka maana yake suruali imeshafanya kazi yake mara moja, ikamwokoa mtu huko ilikotoka. Fundi akiishona, uzi wake utazibana zile zilizobaki zisiweze kuvutwa nje, na mnyororo utapita moja kwa moja. Rudi Jumamosi asubuhi wanapofungua marobota. Ukipata nyingine, ishike paja kwa mikono miwili uisugue: tabaka za ndani zinatakiwa ziteleze juu ya nyingine. Zikiwa zimeshikamana kama kadibodi, iache hapo hapo.